Mikono ya Maharagi

Mazungumzo ya leo, hapa Lubumbashi, yanaanzia kwenye sufuria ya maharagi, ile inayochemka juu ya mbabula saa ambayo watoto wanarudi kutoka shule, na yatatupeleka kwenye damu, kwenye malaria na kwenye meza ya maabara. Sababu ya kuyaleta ni fundisho moja linalopita kwenye simu za watu, kwamba kila mmoja ale kufuatana na kundi la damu yake. Mwenye O ale nyama, mwenye A ale mboga za majani, mwenye B anywe maziwa. Ndani ya vyakula vingine, linasema fundisho hilo, kuna kitu kiitwacho lektini, na kitu hicho kikimwingia mtu wa kundi lisilofaa kinazifanya seli za damu yake zishikane madonge kama bukari iliyokosa mwiko. Fundisho lilitoka Marekani mwaka 1996, katika kitabu cha Peter D'Adamo, likaenea kwa lugha nyingi. Lingekuwa uzushi mtupu tungelicheka tukaendelea na mengine. Taabu ni kwamba limesimama juu ya jambo la kweli. Lektini zipo, na zinashikanisha seli za damu mbele ya macho ya mtu, kwa dakika chache. Kosa liko njiani, kati ya neli ya kioo na tumbo la binadamu, na njia hiyo ndiyo ninayotaka tuipite polepole.

Tuanze na neli. Mwaka 1888, katika Chuo Kikuu cha Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu huko Estonia, mwanafunzi wa udaktari Peter Hermann Stillmark alikuwa anatafuta kujua kwa nini mbegu za mbarika zinaua. Mbarika sisi tunaujua: unaota wenyewe majalalani na kando ya njia, majani yake kama kiganja kilichokunjuliwa, mbegu zake zina madoadoa. Mafuta yake watu wanakunywa kusafisha tumbo, lakini makapi yanayobaki yakiliwa na mnyama yanamuua. Stillmark alitoa protini katika mbegu hizo, akaichanganya na damu, akaona seli nyekundu zinakamatana mafungu mafungu na kushuka chini ya kioo. Tusichanganye mambo hapa. Damu inayoganda juu ya jeraha inafanya kazi nyingine kabisa, yenye vyombo vyake na faida yake. Hizi ni seli nzima zilizofungwa pamoja kama kuni katika tita. Protini ile aliiita risini. Miaka mingi baadaye ikajulikana kwamba alichokuwa nacho kilikuwa vitu viwili vya mbegu moja: kimoja kinaua vikali lakini kinashikanisha damu kidogo tu, na kingine kinashikanisha sana lakini sumu yake ni hafifu ukilinganisha. Kile kinachoua kinaua kwa kuingia ndani ya seli na kuvunja mitambo inayotengeneza protini. Kwa hiyo tangu mbegu ya kwanza kabisa, kushikana kwa damu kwenye kioo na kufa kwa mnyama vilikuwa mambo mawili yaliyokutana katika ganda moja. Wafuasi wa fundisho la makundi ya damu wameyafanya kuwa moja.

Miaka mitatu baada ya Stillmark, huko Berlin, Paul Ehrlich alichukua risini hiyo na nduguye abrini, inayotoka katika zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi ambazo watu wa pwani wanaziita ututi na kuzitunga shanga. Aliwalisha panya kiasi kidogo, akaongeza siku hadi siku, mpaka wakavumilia kiasi ambacho kingewaua panya wengine mara moja. Lakini panya aliyezoea risini alikufa kwa abrini kama kawaida. Kinga yao ilikuwa imejifunza adui mmoja kwa sura yake, na mama aliyekingwa aliwapa watoto wake kinga hiyo kupitia maziwa. Mambo mengi tunayoyasema leo kuhusu chanjo, kwamba mwili unakumbuka, kwamba unakumbuka kitu mahususi wala si kila kitu, yalishuhudiwa pale kwa sumu za mbegu mbili zinazoota bure katika nchi za joto. Ehrlich alipata tuzo ya Nobel mwaka 1908. Mbarika haukupata kitu.

Sasa, lektini inashika nini? Inashika sukari. Sisemi sukari ya chai. Kila seli ya mwili imevaa juu yake minyororo mifupi ya sukari za namna nyingi, iliyosimama kama nyasi juu ya udongo. Lektini ni protini yenye mikono miwili, minne au zaidi, na kila kiganja kimechongwa kupokea sukari ya umbo fulani tu. Mkono mmoja ukishika seli hii na mwingine ukashika seli ya jirani, na hivyo maelfu kwa maelfu, tayari una tita. James Sumner wa Marekani, ambaye mwaka 1919 alikuwa ametoa lektini katika namna moja ya maharagi makubwa, alionyesha mwaka 1936 kwamba ukitia sukari ya kawaida ndani ya neli, damu inaacha kushikana: viganja vimejaa sukari iliyoyeyuka majini, havina nafasi ya kushika seli. Ni jaribio dogo, ila linasema mengi. Mikono ile haina chuki na damu. Inashika sukari yoyote ya umbo lake inayotangulia kufika.

Makundi yetu ya damu nayo ni habari ya sukari. Mwenye kundi A ana sukari fulani kwenye ncha ya minyororo hiyo, mwenye B ana nyingine, mwenye O hana hata moja ya hizo mbili, mnyororo wake unaishia mapema. Mwaka 1945, William Boyd wa Boston alimtuma msaidizi wake dukani kununua maharagi ya lima, jamii ya fiwi, akayasaga, akakuta maji yake yanashikanisha damu ya kundi A na kuiacha ile ya B na ya O. Miaka mitatu baadaye Karl Renkonen wa Helsinki alikuta mambo ya namna hiyo katika mbegu nyingine, bila kutegemea kazi ya Boyd. Mwaka 1954 Boyd na mwenzake Elizabeth Shapleigh wakatoa jina lektini, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kuchagua. Jina zuri, lakini limewapoteza wengi, kwa maana linafanya watu wafikiri kwamba kila lektini inachagua kundi la damu. Nyingi hazichagui. Lektini ya maharagi mekundu yanayouzwa hapa mjini, soko la Kenya na soko la Katuba, inashika damu ya A, ya B, ya AB na ya O bila kubagua, kwa sababu sukari inayoitafuta iko kwa watu wote. Mwenye kutaka kugawa chakula kwa makundi ya damu angepaswa kwanza kuuliza kama chakula chenyewe kinayajua makundi hayo, na mara nyingi jibu ni hapana.

Je, ina maana kundi la damu halina uzito wowote katika afya ya mtu? Hapo sikubaliani na wale wanaolitupilia mbali kabisa. Uzito lina, na hapa kwetu kuliko mahali pengi. Kimelea cha malaria kinapotaka kuingia katika seli nyekundu, mojawapo ya protini zake inaitafuta sukari iliyo juu ya seli hiyo na kuishika kama kitasa cha mlango. Kwa maana hiyo kimelea nacho kina lektini yake. Kikishakaa ndani, kinaweza kuifanya seli iliyoambukizwa ijivutie seli nzima za jirani na kujizungushia, na sukari za kundi A na B zinasaidia mshikano huo. Watafiti waliochunguza watoto wa Mali walionyesha mwaka 2007 kwamba wenye damu O walikuwa na malaria kali mara chache zaidi, na kwamba upungufu wa mshikano huo ni sababu. Kipindupindu kinakwenda kinyume: sumu yake inashika sukari iliyo juu ya utando wa utumbo, na wenye O, wakishaugua, ndio wanaougua vikali zaidi. Watu wa Kalemie na wa Pweto wanaoishi kando ya maziwa wana sababu ya kulisikia hilo. Lakini angalieni mikono ni ya nani. Ni ya kimelea, ni ya bakteria, viumbe vilivyo hai, vinavyozaliana ndani ya mtu na kufika vyenyewe mpaka mahali pa kushika. Maharagi yaliyoiva hayana mwendo wa namna hiyo.

Tumezungumzia seli nyekundu. Habari iliyo tamu zaidi, kwa maoni yangu, ni ya seli nyeupe, na ilipatikana kwa bahati ambayo mtu aliye macho tu ndiye angeiona. Mwishoni mwa miaka ya 1940 maabara zilianza kutumia maji ya maharagi mekundu kama chujio: unayatia katika damu, seli nyekundu zinashikana na kuzama, unabaki na seli nyeupe juu, safi, za kufanyia kazi. Peter Nowell alikuwa anafanya hivyo Philadelphia. Wakati ule mabingwa waliamini kwamba limfosaiti ndogo, ile seli nyeupe iliyo na kiini kikubwa na mwili mdogo, ni seli iliyofika mwisho wa safari, isiyozaa tena. Nowell aliangalia kwenye hadubini akaona limfosaiti zake zimekuwa kubwa na zinagawanyika. Alipotafuta kisa, alikuta si chakula cha seli wala si joto. Ni yale maji ya maharagi. Alitangaza hayo mwaka 1960. Chujio lilikuwa limeamsha wale ambao lilipewa kazi ya kuwatenga tu.

Jinsi linavyoamsha ndiyo inayofafanua kinga ya mwili ni kitu gani. Limfosaiti ya namna inayoitwa seli T imebeba juu yake kipokezi chake cha pekee, na inangoja kukutana na kipande cha adui kinachoingia sawasawa katika kipokezi hicho. Kwa adui mmoja, ni seli moja tu kati ya laki au zaidi inayomtambua, zingine zinalala. Lakini vipokezi vyote, hata vikitofautiana vipi mbele, nyuma vimevikwa minyororo ileile ya sukari. Lektini ya maharagi haiangalii uso wa kipokezi. Inashika sukari za vingi kwa pamoja, inavivuta, inavibana, na seli inasikia ndani yake ishara ileile ambayo ingesikia kama adui wake wa kweli angekuja. Basi inaamka, inavimba, inagawanyika, inatoa kemikali za kuita wenzake, na hali hiyo inazipata seli T nyingi mno kwa wakati mmoja, kana kwamba mtu amepiga kengele ya moto katika shule nzima wakati hakuna moto. Lektini hii ina vipande vya aina mbili vinavyokaa vinne vinne: kimoja kinapenda zaidi seli nyekundu, kingine seli nyeupe. Kadiri vinavyochanganyika, mbegu moja ya haragi ina lektini tano zinazotofautiana kidogo, kutoka ile inayoshikanisha damu kwa nguvu hadi ile inayoamsha kinga kwa nguvu.

Kengele hiyo ya uongo imeleta faida ambazo hakuna aliyezitabiri. Mwaka huohuo wa 1960, Nowell na wenzake waliweka njia ya kutazama kromosomu za mtu kwa damu kidogo ya mkononi: unaziamsha limfosaiti kwa lektini, unazikamata zikiwa katikati ya kugawanyika, unahesabu. Kabla yake mara nyingi ilibidi kutoboa mfupa na kutoa uboho. Njia hiyo ndiyo iliyoenea duniani kuhakikisha, kwa mfano, kwamba mtoto ana kromosomu ya ziada inayoleta hali ya Down. Mwaka 1976, ndani ya maji ya seli zilizoamshwa na lektini ya maharagi, maabara ya Robert Gallo huko Marekani ilikuta kemikali inayoziwezesha seli T kuendelea kukua nje ya mwili. Na mwaka 1983, Françoise Barré-Sinoussi, Luc Montagnier na wenzao wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris walipotafuta virusi vya UKIMWI katika tezi ya mgonjwa, walizikuza seli zake kwa vitu hivyo viwili, lektini na kemikali ile, kwa kuwa virusi hivyo vinataka seli T iliyo macho. Nchi hii ya Kongo, ambamo damu iliyochukuliwa Kinshasa mwaka 1959 ilikuja kukutwa na virusi hivyo, ina deni dogo kwa haragi.

Hata leo, katika kipimo kimoja cha damu cha kutafuta kifua kikuu kilichojificha, damu ya mtu inagawanywa katika neli kadhaa. Katika baadhi yake zinawekwa protini za bakteria wa kifua kikuu. Katika moja inawekwa lektini ya maharagi, ili kuona kama seli za mtu huyo zina uwezo wa kujibu chochote. Zikinyamaza hata mbele ya lektini, daktari hasemi huyu hana kifua kikuu. Anasema kipimo hakikutoa jibu, huenda kinga yake imechoka mno kutoa ushahidi. Lektini ya soya nayo ilitumika kuanzia miaka ya 1980 kusafisha uboho wa mtu anayemtolea mgonjwa, kwa kuziondoa seli T ambazo zingemgeukia mgonjwa na kumshambulia. Na kwenye ndizi kuna lektini inayoshika sukari zilizo juu ya virusi vya UKIMWI na kuvizuia kuingia katika seli. Shida yake ilikuwa kwamba iliamsha limfosaiti ovyo, mpaka mwaka 2015 watafiti wakatangaza kwamba wameibadilisha kidogo ikabaki inashika virusi bila kupiga kengele. Ndizi ya mezani haiponyi UKIMWI, tusielewane vibaya, ila kazi hiyo inaonyesha kwamba kushika na kuamsha ni mambo yanayoweza kutenganishwa.

Hapa msikilizaji makini atauliza: kitu chenye nguvu ya kuamsha kinga nzima na kufunga damu matita, tunakilaje kila siku na bukari? Swali la haki, na jibu lake la kwanza ni kwamba kikiwa kibichi hatukiwezi. Maharagi mekundu manne au matano mabichi yanatosha kumwangusha mtu mzima: kati ya saa moja na saa tatu kichefuchefu kinaanza, kisha kutapika kwa nguvu, kisha kuharisha. Kwa kawaida anapona baada ya saa chache. Sasa tazameni ugonjwa huo uko wapi. Uko tumboni. Lektini haimeng'enywi kwa urahisi, inafika kwenye utumbo mdogo ikiwa nzima, inashika sukari za seli zinazofyonza chakula, inaziumiza. Ndiyo silaha ambayo mmea umeiweka kwenye mbegu ili mdudu na mnyama wajute kuila. Mtu huyo haugui kwa damu kushikana, wala haulizwi kundi lake. Wa A na wa O wanatapika pamoja.

Pingamizi la pili ni zito kuliko hilo. Mwaka 1998 watafiti wa Liverpool waliwalisha watu wazima wenye afya karanga, kisha wakapima damu yao, wakakuta lektini ya karanga ndani yake. Basi inavuka, atasema mtetezi wa makundi ya damu. Inafika kwenye seli. Ni kweli, kiasi fulani kinavuka, na mtu asiseme kwamba utumbo ni ukuta usiopitisha kitu. Lakini waliokula karanga zile hawakuwa wagonjwa. Kuna sababu: katika damu lektini inakutana na protini chungu nzima zenye sukari zao, zinazoelea kama ile sukari ya Sumner katika neli, zinaijaza viganja. Kinga nayo inaitengenezea kingamwili. Tena lektini ya karanga haiwezi hata kushika seli nyekundu za mtu mzima wa afya, kwa kuwa sukari inayoitaka imefunikwa na nyingine juu yake. Na kama hoja zote hizo hazitoshi, kuna njia ya kukata maneno, nayo ni kuwatazama watu wenyewe. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walilinganisha chakula na makundi ya damu ya watu 1,455. Waliokula mboga kwa wingi, kama fundisho linavyowaamuru wa A, walikuwa na vipimo bora vya mafuta na shinikizo la damu. Lakini walikuwa navyo hata wakiwa wa O au wa B. Kundi la damu halikubadilisha kitu. Hapo ndipo napata neno la kusema wazi: katika mji ambao haragi ni nyama ya wengi wasio na pesa ya nyama, kumwambia mama kwamba damu ya mtoto wake haipatani na maharagi ni kumpunguzia mtoto protini kwa hadithi.

Kinachotutenga na sumu ya haragi bichi ni maji yanayochemka. Mamlaka ya chakula ya Marekani inahesabu nguvu ya lektini kwa uwezo wake wa kushikanisha seli nyekundu, yaani Stillmark bado yuko maabara. Maharagi mekundu mabichi yana vipimo kati ya 20,000 na 70,000. Yakipikwa vizuri yanabaki 200 hadi 400. Meupe yana kama theluthi ya mekundu. Ushauri ni kuyaloweka saa tano au zaidi, kumwaga maji, kutia mengine, na kuyachemsha kwelikweli angalau dakika kumi, bora nusu saa. Mtu atasema: Lubumbashi iko mita kama 1,200 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kabla hayajafika digrii 100. Ndiyo, yanachemka kwenye digrii 96 hivi, na hilo linafanya maharagi yachelewe kuwa laini. Lakini sufuria ya maharagi hapa haikai dakika kumi, inakaa saa moja, saa mbili. Hatari iko kwa sufuria isiyofika kuchemka kabisa. Haragi lililokaa muda mrefu kwenye digrii 80 linaweza kuwa limelainika huku lektini yake ingalipo, na mamlaka hiyohiyo inaonya kwamba yasiyoiva vizuri yanaweza kuzidi hata mabichi kwa sumu, mara tano. Ulimi unasema limeiva, utumbo unakataa.

Wengine watanijibu kwamba haya yote bibi zetu waliyajua bila hadubini, basi redio inawafundisha nini akina mama? Kuyajua waliyajua, sawasawa na walivyojua kuloweka mihogo michungu na kuchemsha sombe mpaka harufu ya ubichi iishe. Ila ujuzi wa namna hiyo unakaa ndani ya muda na ndani ya kuni, si kichwani peke yake. Konzo, ule ugonjwa unaopooza miguu kwa sababu ya sumu ya mihogo, ulielezwa na daktari Trolli mwaka 1938 kutoka Kwango, katika nchi hii hii. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990, uchunguzi uliofanywa Bandundu ulikuta kwamba katika vijiji vilivyoupata, wanawake walikuwa wamefupisha siku za kuloweka. Hawakuwa wamesahau desturi. Barabara nzuri ilikuwa imeleta wanunuzi wa Kinshasa, mihogo ikawa inatakiwa upesi. Hakuna aliyeacha kula mihogo kwa ajili ya konzo, na hakuna aliyepaswa kuacha. Kilichohitajika ni kurudisha zile siku majini.

Kwetu sisi makala ya kupikia ndiyo barabara hiyo: bei yake inatufanya tufupishe muda wa kuchemsha. Misitu ya miombo inayouzunguka mji imesogea mbali, na kila kilomita inayoongezeka mfanyabiashara anaitia katika bei ya mfuko. Umeme ukikatika, familia zote zinarudi kwenye mbabula kwa wakati mmoja. Ndipo zinapokuja njia za kubana moto: kuzima mapema, kumalizia kwa joto la majivu, au kile kikapu kilichojazwa nguo na majani makavu ambamo sufuria inaivia yenyewe. Kikapu ni kitu kizuri sana na ningependa kukiona kila nyumba, mradi maharagi yaingie humo yakiwa yameshachemka kwa mapovu dakika zake, wala si yakiwa ya moto tu. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni unga wa uji wa watoto, ule wa kuchanganya mahindi, soya, karanga na mara nyingine maharagi. Uji unapikwa upesi, ndiyo faida yake, na mtoto anayetapika baada ya uji ataambiwa ana minyoo au amerogwa. Kukaanga haragi kavu kwenye chungu hakuivunji lektini vizuri kama maji yanavyoivunja. Anayeyaloweka usiku, akayachemsha asubuhi mpaka yaive, akayaanika juani siku mbili na ndipo akayapeleka kwenye mashine, analazimika kuuza kikombe chake ghali kidogo kuliko jirani yake wa meza ya pili, na mnunuzi akiuliza kwa nini, jibu ni kwamba ndani ya unga huo kuna makala.